Mjomba, ubao huu utanibeba?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni mtumishi, ofisi yetu iko Mtumba, nyumbani ni Area C. Tangu treni ya umeme ianze, kila baada ya wiki mbili nateremka Dar kwa binamu yangu wa Kigamboni, mwenye boti ya faiba na mashine ya farasi 90. Mwezi uliopita alinivuta kwenye weikibodi ya rafiki yake, ule ubao wa kusimamia majini ukivutwa na boti. Nilisimama sekunde kama tano, nikanywa maji ya chumvi, na toka siku hiyo silali. Sasa kuna mgeni hapa Dodoma amemaliza mkataba, anauza vitu vyake. Ana weikibodi anaitakia laki nne na nusu, pamoja na buti zake. Nimeipima kwa tepu: sentimita 134. Chini ni laini kabisa, haina mapezi, vile vipande vya kusimama chini ya ubao vya kuunyoosha njia. Buti zimefunika vidole, zimeandikwa 41–42. Mimi nina kilo 84 na navaa 44, lakini nikilazimisha mguu unaingia. Rangi yake, mjomba, ni balaa. Ninunue?
Mpwa wako, Area C

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Usinunue.

Ningeweza kuishia hapo nikafungua barua nyingine, ila nawajua watu waliokwisha kuonja kuvutwa. Kufikia Jumamosi utakuwa umerudi kwa yule mgeni "kuutazama tu". Basi chukua sababu, uende nazo.

Anza na mizani. Watu wa bara hudhani ubao huu unachaguliwa kwa kimo, kama baiskeli. Maji hayana habari na kimo chako, yanabeba uzito. Majedwali ya watengenezaji hupishana kidogo, lakini yote yanazungukia hapa: mtu wa kilo 45 hadi 65 anachukua sentimita 130 hadi 134, wa kilo 60 hadi 80, sentimita 135 hadi 139, anayeanzia 80 hadi tisini na kitu, 140 hadi 144, aliyezidi hapo, 145 kwenda juu. Wewe na kilo zako 84 ni mtu wa 142. Najua utasema sentimita nane ni upana wa kiganja. Ukiwa umechuchumaa majini na kamba imeanza kukaza, kiganja hicho ndicho kinachokuinua au kukulaza.

Haya nayajua mwilini. Kabla sijamfuata mke wangu huku Dodoma niliendesha boti miaka kumi na moja kwenye hoteli moja kaskazini ya Dar. Mtalii mmoja aliniachia ubao wa mwanawe, sentimita 124, mwekundu wa kung'aa kama pikipiki mpya. Mimi nilikuwa na kilo 79. Siku ya kwanza nilivutwa mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja ikawa vilevile: naanza kuinuka, pua ya ubao inazama, maji yananipiga kifua, mshikio unaniponyoka. Kabla ya mara ya kumi na mbili mwenzangu alizima mashine akaniuliza kama natafuta pweza. Nililaumu boti, nikalaumu kusi, nikamlaumu na yeye. Baada ya wiki mbili nikaazimwa wa 140. Mara ya pili tu nikasimama, nikakaa juu mpaka vidole vikakataa kushika.

Ubao mrefu unakaa juu ya maji kwa eneo kubwa zaidi, kwa hiyo unanyanyuka mapema boti ikiwa bado haijakimbia, na ukiruka unatua bila kukuzamisha. Ubaya wake ni uvivu wa kugeuka na kuzungushwa hewani. Lakini wewe una sekunde tano kwenye daftari lako, mambo ya hewani yasubiri.

Wenye mchezo wenyewe walihangaika na jambo hili la kuinuka. Mwaka 1985 Tony Finn, wa San Diego kule Marekani, alitoa ubao aliouita Skurfer, mfano wa ubao mdogo wa kuteleza kwenye mawimbi. Ulikuwa unaelea mno, hata kuuanzisha kwenye kina ilikuwa mieleka: unaukandamiza, unachomoka. Miaka michache baadaye Herb O'Brien akaja na Hyperlite, mwembamba, usioelea kwa kiburi, unaokubali kuzama chini ya miguu yako na kupanda pamoja nawe. Hapo ndipo watu wa kawaida walipoanza kusimama.

Sasa hilo la mapezi. Ubao wa mgeni wako, kwa jinsi unavyoueleza, naona ni wa kebo. Ulaya kuna mabwawa yasiyo na boti, mtu anavutwa na kebo inayozunguka juu ya nguzo. Mjerumani Bruno Rixen ndiye aliyeanzisha mitambo hiyo, na miaka ya 1960 ilikuwa tayari inavuta watu. Huko wanapanda juu ya vikwazo vya plastiki, ndiyo maana mbao zao ni laini chini na hazina mapezi, yasije yakanasa. Nyuma ya boti ya binamu yako, kwa mtu anayeanza, ubao usio na mapezi ni kandambili kwenye utelezi wa masika. Unataka kwenda mbele, wenyewe unakwenda ubavu. Tafuta wenye mapezi ya wastani, mawili au zaidi kila upande, yanayofunguka kwa skrubu, ili siku ukikomaa uyapunguze.

Na hizo buti! Mpwa wangu, "nikilazimisha mguu unaingia" ni maneno ya mtu anayenunua kiatu cha harusi Sabasaba. Ndani ya buti ya namba 42 mguu wa 44 utakufa ganzi kabla binamu hajamaliza kunyoosha kamba. Halafu utaanguka, kwa sababu kila mtu anaanguka, mguu mmoja utachomoka na wa pili utabaki, na goti lako litalipa deni ambalo si lake. Wewe tafuta buti zilizo wazi vidoleni, za namba zinazoachiana nafasi, kama 42 mpaka 45. Zinafungwa kwa kamba au mikanda, wewe utavaa, na binamu atavaa akitaka zamu yake. Zilowanishe kwanza kabla ya kuingiza mguu. Zikibana tia povu la sabuni kidogo, mguu utateleza wenyewe.

Kuzifunga kwenye ubao: buti ya mbele uelekeze vidole vyake nyuzi 15 hadi 20 kuelekea mbele, ya nyuma iache sifuri, yaani ikingame ubao, katikati yake upana wa mabega. Kama hujui upi ni wa mbele, simama wima, mwambie mtu akusukume mgongoni bila kukuonya. Mguu utakaotangulia kukuokoa, huo ndio. Skrubu nyingi za siku hizi ni M6, yaani za unene wa milimita sita. Kaza kwa mkono, usimpe fundi mwenye drili ya umeme. Nimeona matundu yaliyong'olewa uzi kwa sekunde mbili.

Umbo nalo uliangalie. Uweke ubao sakafuni uinamishe macho usawa wake. Kuna uliopinda pole pole kutoka pua mpaka mkia, kama mdomo wa tabasamu. Kuna mwingine katikati ni bapa, kisha ncha zote mbili zimekunjwa ghafla, kama umevunjwa mara mbili. Huu wa pili unamrusha mtu juu wima akifika kwenye wimbi la boti, na unaenda taratibu na kugonga kwa ukali. Chukua wa kwanza. Kingo zake pia ziwe za mviringo kidogo, zikikatwa kali zitachimba maji usipotarajia na kukutupa uso kwanza. Maumivu ya kofi la maji kwa kasi ya kilomita 28 kwa saa sitayaelezea, utayajua.

Ukipata mwingine wa mtumba, usiangalie rangi. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka matundu ya buti; ukibonyea, umeoza ndani. Gonga kwa sarafu toka pua mpaka mkia, mlio ukibadilika na kuwa mzito mahali, maji yameingia. Kunja mpira wa buti uone kama una nyufa, maana jua la hapa kwetu linaumaliza mpira. Na ukishanunua, usiulaze chini ya bati wala ndani ya gari mwezi wa kumi. Joto la Dodoma likikaa humo linaachanisha matabaka ya ubao, na gundi ya buti nayo inaachia. Ukitoka baharini usafishe kwa maji yasiyo na chumvi, hata ndoo moja inatosha.

Mambo mawili yatangulie ubao wenyewe. La kwanza jaketi okozi linalobana kifua, lisilopanda hadi masikioni ukining'inizwa. La pili kamba isiyovutika. Mimi nilishawahi kutumia nailoni ya nanga, kwa ubahili tu, nilipoachia mshikio ukarudi botini kama manati na kumpata mwenzangu begani. Yule yule wa pweza. Anzia kamba ya mita 15 hadi 18, boti iende kilomita 25 hadi 30 kwa saa, si zaidi, na binamu asivute mashine kwa pupa: wewe kaa magoti kifuani, mikono imenyooka, subiri boti ikuinue. Wanaoharakisha kusimama ndio wanaozama. Botini wawe wawili, mmoja wa kuendesha na mmoja wa kukutazama wewe, asiwe na simu mkononi. Wakija kukuokota mashine izimwe kabisa, propela haina undugu.

Mwambie binamu muwahi alfajiri, kabla upepo haujaamka, na maji yakiwa yanajaa. Yakipwa siku za bamvua miamba ya kule yeye anaijua kuliko mimi. Kuhusu kupakia ubao wa karibu mita moja na nusu kwenye treni, uliza stesheni kabla hujafika nao mlangoni.

Hiyo laki nne na nusu iweke.

SWALI: Mjomba habari. Tunaoishi Hombolo na bwawa letu tunalo, kwa nini kila mara mnatuambia Dar? Hata Mtera maji yapo mengi. Kijana wa Hombolo

JIBU: Nzuri, kijana. Bwawa lenu lilijengwa 1957 na toka hapo mvua zinalimwagia udongo kila mwaka. Kina kinadanganya, na nyavu za wavuvi zimetandazwa humo. Halafu kuna kichocho. Konokono wake wanapenda maji tulivu yenye majani pembezoni, mahali hasa ambapo anayejifunza huingilia na kutokea. Kama umeshaogelea huko kaombe kipimo zahanati, dawa yake ipo na inatibu. Mtera ndiyo sitaki hata kuisikia: mamba, viboko, na miti iliyozamishwa bwawa lilipojazwa, bado imesimama na matawi yake. Kwa kasi ile kisiki kimoja kinatosha.

Lakini nusu ya mchezo huu inajifunziwa nchi kavu. Keti uwanjani, magoti yamekunjwa, mikono imenyooka, rafiki akuvute kwa kamba pole pole mpaka usimame bila kukunja viwiko. Fanya mara hamsini, watoto watacheka, waache wacheke. Kisha weka kipande cha bomba la plastiki chini ya ubao wowote imara usimame juu yake. Ukipata wiki ya likizo pwani utawashangaza wenyeji.

SWALI: Shikamoo mjomba. Nina kilo 58, navaa 38. Dukani Dar wananiambia lazima ninunue ubao wa kike, na bei yake imechangamka. Ni lazima? Wako, Ilazo

JIBU: Marahaba mwanangu. Mizani haiulizi. Mbao za kike ni nyepesi kidogo na nyembamba kidogo, na mara nyingi fupi fupi, basi. Zilizo na tofauti ya kweli ni buti, kwa kuwa mguu wa kike mara nyingi ni mwembamba kisigino. Tumia hela hapo. Kwa kilo zako unatafuta sentimita 130 hadi 134.

Ndiyo, mama, nimeshaona unachofikiria. Ule wa Area C kwa urefu ni wako. Ukienda kuutazama, upindue uone kama una matundu ya skrubu yaliyozibwa kwa vifuniko, maana mbao nyingine za kebo zinayo matundu hayo, na hapo unaweza kufunga mapezi. Yakiwepo, mwambie mgeni zile buti za 41 abaki nazo, na akupunguzie.