Mteja wa siri: kazi ipo, ila usilipe hata shilingi kuipata

Dada wa Ahero, umeeleza kwamba umetumiwa ujumbe wa WhatsApp: utalipwa kununua vitu madukani Kisumu na kuripoti ulivyohudumiwa, mradi utangulize shilingi 1,500 za usajili. Unauliza kama kazi ya namna hiyo ipo kweli. Ipo. Nimeifanya miaka minne, zaidi hapa Kisumu, na mara chache Nakuru na Kakamega. Lakini hao waliokuandikia ni matapeli. Usiwatumie kitu.

Duka, benki au kituo cha mafuta huilipa kampuni ya utafiti wa soko, nayo kampuni hukulipa wewe. Mimi niliitwa mafunzo ya nusu siku, nikajaza fomu ya majaribio, nikatia sahihi mkataba wa kutunza siri, nikaanza. Hakuna aliyenidai ada. Nikinunua kitu, narudishiwa pesa kwa risiti. Kuna na ujanja wa pili, uujue mapema: unatumiwa ujumbe wa M-Pesa wa kughushi kwamba umepokea pesa za kununulia, kisha unapigiwa simu uharakishe kurudisha baki. Angalia salio lako kwanza. Marekani mchezo huohuo huchezwa kwa hundi bandia.

Sasa kazi yenyewe. Unapewa kisa. Mfano, unaingia supamaketi, unamuuliza mhudumu sukari iko wapi. Anakuonyesha kwa kidole, au anatembea nawe mpaka kwenye rafu? Ukifika foleni, unahesabu walio mbele yako na kushika saa. Huwezi kutoa karatasi na kalamu pale. Mimi najitumia ujumbe mfupi: "nimefika", "niko foleni", "nimelipa". Nani atamshangaa mtu anayebonyeza simu kwenye foleni? Kuna siku meneja wa duka alipinga ripoti yangu, akasema wateja wake hawakai foleni zaidi ya dakika tano. Mimi nilikuwa nimeandika 14. Kampuni ililinganisha saa ya ujumbe wangu na saa iliyochapwa kwenye risiti, na maneno yakaisha. Ila usimrekodi mtu sauti kichinichini kwa uamuzi wako. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi. Kama kampuni inataka rekodi, iwe imeandikwa kwenye mkataba na wahudumu wawe wameshaarifiwa na mwajiri wao.

Vituo vya mafuta navyo vina mambo yake. Nilikuwa naenda na jamaa wa bodaboda ninayemwamini. Mhudumu anatakiwa akuonyeshe pampu iko sifuri kabla hajaanza kutia. Ziara za tarehe 15 ndizo zilizohitaji macho zaidi, kwa sababu EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na petroli, hutangaza bei za juu kabisa za mafuta tarehe 14 na huanza kutumika usiku huo. Unaangalia kama bei ya ubaoni na ya kwenye pampu ni moja.

Lakini ninachotaka hasa ukishike ni hiki. Fomu inauliza jina lililo kwenye beji. Hilo ni jina la mtu mwenye kodi ya nyumba Nyalenda au Manyatta, na alama zako zinaweza kumkosesha bonasi, pengine hata kazi. Mwezi wangu wa kwanza niliandika kuhusu keshia mmoja: "Ana kiburi." Supavaiza akanirudishia fomu na swali moja: "Umeona nini?" Nilikaa na ile fomu jioni nzima. Nilichokuwa nimeona ni kwamba hakuinua macho aliponipa chenji. Basi. Kaunta zilikuwa tano, iliyofunguliwa ni moja, na nyuma yangu kulikuwa na watu 11. Nikafuta "kiburi" nikaandika hayo. Tangu siku hiyo sijaandika tabia ya mtu, naandika alichofanya.

Siku nyingine, duka moja katikati ya mji, fomu ilitaka mhudumu amsalimu kila mteja kwa sentensi ya kampuni, neno kwa neno, kwa Kiingereza. Mbele yangu alikuwa mama mkongwe mwenye kikapu. Kijana wa mlangoni akampokea kikapu kwa mikono miwili, akamwambia kwa Kijaluo, "Oyawore, dana," yaani habari za asubuhi, nyanya. Yule mama akasimama, akaanza kumweleza dawa ya kifua aliyoagizwa na mjukuu wake, na kijana akamsikiliza mpaka mwisho. Swali: alitumia salamu ya kampuni? Hapana. Nikaweka hapana, maana huo ndio ukweli. Lakini kwenye nafasi ya maelezo niliandika yote niliyoona, mistari tisa, pamoja na ile mikono miwili. Duru ya mwaka uliofuata swali lilikuja limeandikwa upya: alimsalimu mteja kwa lugha anayoielewa? Nafasi ya maelezo wengi huiacha wazi kwa haraka ya malipo. Wewe ijaze.

Kuhusu pesa, mimi nililipwa kati ya shilingi 500 na 800 kwa ziara, na huja baada ya ripoti kukubaliwa, wakati mwingine mwezi mzima. Usiache biashara yako ya mboga kwa ajili yake. Kutoka Ahero, ziara moja itaishia kwenye nauli na chakula cha mchana. Omba tatu au nne za siku moja, zote upande mmoja wa mji, na ripoti uiandike jioni hiyohiyo kabla hujalala, kwa sababu kufikia asubuhi utakuwa unamchanganya keshia wa duka la pili na wa la tatu.