Changamoto ya kusoma vitabu vya vijana kwa kundi: jiunge, ila angalia kundi lenyewe

Dada uliyeuliza kama ujiunge na kundi linalosoma riwaya za vijana 24 kwa mwaka, huku una kazi, una watoto na hujamaliza kitabu tangu uache shule: kusoma na kundi, ndiyo. Hilo la 24, hapana, tafuta jingine. Nimekaa kwenye makundi haya miaka kadhaa, mengi kama msomaji tu na moja kama msimamizi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Wasiopenda maandishi marefu warukie kwa mchangiaji anayefuata, hatutagombana.

Makundi yote hujiita changamoto ya kusoma lakini hayafanani. Kuna la kuhesabu: mnaahidi idadi, kila anayemaliza anatangaza, mwisho wa mwaka anapongezwa aliyesoma vingi. Kuna la vipengele: mnapewa masharti, mathalani kitabu chenye wasimulizi wawili, kitabu cha mwandishi wa bara ambalo hujawahi kulisoma, kitabu kilichoandikwa kwa ushairi, na kila mtu anajitafutia chake. Wengine huyapanga masharti hayo kwenye kadi ya bingo, ukijaza mstari umeshinda. Halafu kuna la kusoma pamoja, kitabu kimoja watu wote, mnakwenda kituo kwa kituo: mnasoma sehemu, mnasimama kuijadili, ndipo mnaendelea.

La kuhesabu ndilo linalovutia watu Januari na ndilo linalokufa mapema. Ifikapo katikati ya mwaka unakuta picha za majalada zimepangana, chini yake "nimemaliza cha tisa", dole gumba, dole gumba, basi. Ukiuliza yule binti wa kitabu cha sita kwa nini alimsaliti rafiki yake, hakuna anayekumbuka vizuri, maana kila mmoja anakimbilia cha kumi. Watu huanza kuchagua vitabu kwa wembamba. Sisemi idadi haina kazi. Idadi ni chambo, na wapo ambao wasingefungua ukurasa wa kwanza kama hawakuahidi mbele ya wenzao. Lakini ukishaingia ndani ya kitabu, idadi haina cha kukusaidia tena.

Kuhusu muda, tupige hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Riwaya nyingi za vijana huwa na maneno kati ya 50,000 na 80,000, na zile za njozi mara nyingi huzidi hapo. Mtu mzima anayesoma lugha aliyoizoea huenda maneno kama 200 hadi 300 kwa dakika. Chukua kitabu cha maneno 60,000 na mwendo wa 200: ni dakika 300, yaani saa tano. Ukisoma dakika 20 kila siku umekimaliza kwa siku 15. Ila wengi wetu vitabu hivi tunavisoma kwa Kiingereza, na lugha ya pili hupunguza kasi. Weka maneno 120 kwa dakika: ni dakika 500, siku 25 kwa dakika zako 20. Kwa hiyo kitabu kimoja kwa mwezi kinakutosha, na zinabaki siku chache za mtoto kuumwa au kazi kukulemea. Vitabu 24 kwa mwendo huohuo vinakudai karibu dakika 33 kila siku ya Mungu, bila kuruka hata moja, mwaka mzima. Wapo wanaoweza. Wewe umesema mwenyewe una watoto.

Ndiyo maana ninakusukuma kwenye kundi la kusoma pamoja, kitabu kimoja kwa mwezi, au hata kimoja kwa miezi miwili. Ukisoma peke yako utachagua kila mara kitabu kinachofanana na cha jana. Kundi linakuletea kitabu ambacho usingekigusa, halafu linakukutanisha na mtu aliyekisoma kilekile akaona jambo lingine kabisa. Hilo la pili hulipati kwa kuhesabu majalada.

Na vitabu vya vijana vina sifa inayofaa sana mabishano. Vingi husimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na msimulizi ni mtu wa miaka 15, 16, 17, anayekueleza mambo yakiwa bado ya moto. Hajapata ule umbali wa mtu mzima anayekumbuka utoto wake. Anakosea, anaonea watu, anadhani mama yake anamchukia. Tulisoma riwaya moja ya binti anayetoroka nyumbani usiku, na kundi likagawanyika katikati. Sisi wenye watoto tulikuwa upande wa mama tangu sura ya pili. Vijana wa kundi walitushangaa: hamjaona kwamba mama huyo katika sura tatu nzima hajamuuliza mwanawe swali hata moja, anatoa amri tu? Tukarudi kuangalia. Kweli. Mwandishi alikuwa ameliweka wazi na sisi tukalipita, kwa sababu tulikwisha kuamua nani ana haki. Mabishano ya namna hiyo yanaweza kuchukua wiki nzima, na hakuna anayekumbuka kuuliza amefikisha vitabu vingapi.

Ila hayaji yenyewe, yanategemea msimamizi. Msimamizi akiuliza "mmeionaje?" atapata dole gumba na kimya. Akiuliza "ni wapi ulianza kutomwamini msimulizi?" au "nani katika sura hizi anajua zaidi ya anachosema?", watu wataandika aya. Ukitaka kupima kundi kabla hujajiunga, omba uone maswali waliyouliza kwenye kitabu kilichopita. Hapo utajua kila kitu.

Vituo vigawanywe kwa sura, si kwa kurasa. Ukurasa wa 90 wa aliye na kitabu cha karatasi si ukurasa wa 90 wa anayesoma kwenye simu aliyekuza maandishi, na anayesikiliza kitabu cha sauti hana ukurasa kabisa. Sura ni ileile kwa wote. Tena waandishi wa vijana wana tabia ya kumalizia sura kwenye jambo linalokata pumzi, kwa hiyo watu watatangulia tu, huwezi kuwazuia. Sheria ni moja: aliyetangulia afunge mdomo mpaka kituo kifike. Hata vidokezo vya "subirini mfike sura ya 20, hehehe" vipigwe marufuku, maana vinaharibu vilevile. Makundi mengine hufungua mazungumzo tofauti kwa ajili ya waliomaliza. Hilo hufanya kazi vizuri kuliko kukemeana.

Umeuliza pia kama ni aibu mtu wa umri wako kusoma vitabu vya vijana. Vinalengwa kwa wasomaji wa miaka 12 hadi 18 hivi, lakini mwaka 2012 kampuni ya utafiti wa soko la vitabu ya Bowker ilikuta kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu hivyo Marekani walikuwa na miaka 18 au zaidi, na wengi wao walinunua wasome wenyewe. Hutakuwa peke yako. Na kama kuna mtu atakuambia vitabu vya vijana ni mahubiri ya watu wazima yaliyovalishwa sare ya shule, mkumbushe riwaya ya vijana The Outsiders ya S. E. Hinton: alianza kuiandika akiwa na miaka 15, ikachapishwa mwaka 1967 yeye mwenyewe akiwa bado na miaka 18. Kwenye kundi letu jibu hilo lilimaliza ubishi uliokuwa umeshaanza kuwa wa matusi.

Ubishi mwingine utakaoukuta kila mahali: kitabu cha katuni kinahesabika? Cha ushairi je? Wapo wanaoona ni kupunja. Mimi nasema kinahesabika, na si kwa huruma. Tuzo ya Michael L. Printz, inayotolewa chini ya chama cha maktaba cha Marekani tangu mwaka 2000 kwa ubora wa fasihi ya vijana, mwaka 2007 ilikwenda kwa American Born Chinese ya Gene Luen Yang, ambayo ni katuni mwanzo hadi mwisho. Kuhusu ushairi, Long Way Down ya Jason Reynolds (2017) inasimulia kijana anayeshuka kwa lifti, bunduki kiunoni, kwenda kulipiza kisasi cha kaka yake. Safari yenyewe ni kama dakika moja na kitabu kizima kimo humo, kwa mashairi. Unakimaliza kwa mkao mmoja, lakini kundi linaweza kukijadili muda mrefu kuliko riwaya ya kurasa 500. Sisi wenye tenzi tungekuwa wa mwisho kushangaa hadithi ndefu ikienda kwa beti. Ushauri wangu: kwa mtu aliyekaa miaka bila kusoma, kitabu cha kwanza kiwe cha namna hiyo. Ladha ya kumaliza inarudi haraka.

Orodha za tuzo ni msaada mkubwa wa kuchagua, kwa kuwa ni fupi. Hiyo Printz kila mwaka ina mshindi mmoja na vitabu vya heshima, yaani vinavyomfuata mshindi, visivyozidi vinne, basi. Kwa waandishi wa Afrika, tafuteni vilivyopitia Tuzo ya Burt, iliyokuwa ikisimamiwa na shirika la CODE la Kanada, na iliyotoa riwaya za vijana kutoka Tanzania, Kenya, Ghana na Ethiopia. Kwenye kura, kila anayependekeza aseme papo hapo kinapatikana wapi: maktaba, karatasi, kielektroniki, sauti. Kitabu kitamu ambacho nusu ya kundi haikipati kitaua mwezi mzima. Na hapa niseme wazi, kuna makundi yanayoendeshwa kwa PDF za wizi. Mimi hayo sikai. Mwandishi wa vijana naye anakula.

Sasa jambo ambalo watu hulipuuza. Makundi ya vitabu vya vijana yana vijana kweli ndani yake, watoto wa miaka 14 na 15, pamoja na watu wazima wasiowajua. Kundi zuri lina sheria kwamba mtu mzima hamfuati mtoto faraghani, hata kwa kisingizio cha kumtumia kitabu, na lina wasimamizi zaidi ya mmoja ili mmoja asiwe ndiye sheria. Ukikuta wanacheka ukiuliza hilo, toka. Vilevile riwaya hizi hazikwepi mambo mazito: kujiua, ubakaji, vipigo nyumbani, ulevi. Siyo sababu ya kuzikimbia, pengine ndizo zinazohitaji kusomwa na wenzako, lakini msimamizi aseme mapema kitabu kina nini ili asiye tayari akae pembeni mwezi huo bila kudaiwa maelezo.

Kuhusu kuacha kitabu katikati, hapo nina msimamo ambao wengi hawaupendi. Kundi lisiloruhusu kuacha linafundisha watu kudanganya. Utaona mtu anaandika "nimemaliza, kizuri sana", na ukisoma maoni yake unajua hakuvuka sura ya tano. Kwetu tuliweka kwamba anayeacha anaandika mistari michache: ameachia wapi na kwa nini. Maelezo ya walioacha yakawa miongoni mwa yanayosomwa zaidi, kwa sababu mtu aliyechoshwa huwa anajua hasa kimemchosha nini. Mmoja aliandika kwamba msimulizi anaongea kama mwalimu wa nidhamu aliyejificha ndani ya mtoto, na waliokuwa wakikisifia kitabu wakalazimika kukitetea kwa ushahidi. Mnasoma hivyo hata msiposoma.

Ukichelewa je? Usisome kwa kukimbia ili kuwafikia. Rukia kituo cha sasa kama unaweza kuvumilia kujua kilichotokea, au baki ulipo na usome mazungumzo yao baadaye. Sitatetea kuruka sura kama tabia, ila kwa mtu mwenye watoto ni afadhali kuruka sura mbili kuliko kuondoka kundini.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote, mwandikie msimamizi umuulize haya: mnasoma kitabu kimoja pamoja au kila mtu chake, mnagawa kwa sura, anayeacha anafanyiwa nini, watoto wanalindwaje, na kitabu kijacho ni kipi. Akikujibu hilo la mwisho kwa jina la kitabu na akakueleza kwa nini wamekichagua, ingia. Akikujibu kwa idadi tu, rudi hapa uulize, tupo wengi tunaoweza kukuelekeza pengine.