Lastiki ya Sketi na Waya wa Chuma: Kwa Walimu Wapya wa Sayansi

Juma lililopita nilikaa nyuma ya darasa la Kidato cha Kwanza, nikamtazama mwalimu mpya akivuta lastiki ya sketi mbele ya wanafunzi na kutangaza kwamba kitu kinachovutika sana ndicho chenye unyumbufu mkubwa. Niliinamisha kichwa, kwa sababu maneno yale niliyafahamu vizuri: yalikuwa yangu, neno kwa neno, miaka mingi iliyopita. Basi ndugu zangu mlioripoti muhula huu, nivumilieni kidogo.

1. Unyumbufu ni uwezo wa kitu kurudia umbo lake baada ya kani kuondolewa, na kwa kipimo cha fizikia, kinachopinga zaidi kubadilishwa umbo ndicho chenye unyumbufu mkubwa zaidi. Mimi sikulijua hilo nilipotunga mtihani wangu wa kwanza na kuuliza kipi kina unyumbufu zaidi, mpira au chuma cha pua. Binti mmoja mkimya wa dawati la mbele aliandika chuma cha pua, akaongeza kwamba huhitaji kani kubwa mno ili kirefuke kidogo tu. Nilimkosesha kwa wino mwekundu, kisha kwa ubabe wa ujana nikaisoma karatasi yake darasani. Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Baada ya kipindi alinifuata ofisini. "Shikamoo mwalimu. Naomba unioneshe nilipokosea." Nilimwambia akavute manati ya mdogo wake ndipo aje kubishana nami. Mwaka wa pili wake nikapewa vipindi vya Kidato cha Tano, na usiku mmoja, nikiandaa somo, nikakuta kwamba moduli ya Young, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyopinga kurefushwa, ya chuma cha pua ni takribani paskali bilioni 200, ilhali ya mpira huhesabiwa kwa mamilioni tu. Sikulala vizuri. Nilipopata ujasiri wa kumwita, alikuwa ameingia Kidato cha Tatu na ameshaacha fizikia. Nilimwomba radhi. Alijibu, "Haina shida, mwalimu," kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi.

2. Katika jaribio la springi, ongezeni mawe kidogo kidogo, na msome rula mnapoyaondoa pia. Uwiano kati ya kani na urefu unaoongezeka, alioueleza Robert Hooke mwaka 1678, una mpaka, na springi iliyovutwa kupita kikomo cha unyumbufu hairudi tena, hata mwanafunzi aliyening'iniza begi lake la vitabu akiapa kwamba ameikuta hivyo.

3. Tungamo ni kilogramu, uzito ni niutoni. Nimechoka kulisahihisha hili katika maandalio ya watu wenye shahada.

4. Mnaofundisha baiolojia, jihadharini na neno "mshipa". Mtoto amelelewa na bibi anayeita mshipa kila kinachopita chini ya ngozi, iwe ateri, vena, neva au kano, na hata ngiri anaiita hivyo hivyo. Niliwahi kumwomba mwanafunzi anioneshe mshipa, akashika msuli wa kigimbi kwa uhakika kabisa. Kwa hiyo ulizeni kila mara: mshipa upi? Ateri kubwa ina nyuzi za elastini, protini inayonyumbuka, hutanuka moyo unaposukuma damu kisha hujirudi, na mkijenga juu ya hapo mtaeleza mapigo ya kifundo cha mkono bila kukaririsha.

Mapafu nayo yana mfano ambao laiti ningalikuwa nao siku ile ofisini. Mgonjwa wa emfisema, ugonjwa unaoharibu vifuko vya hewa, ana mapafu yaliyopoteza unyumbufu, nayo hutanuka kwa wepesi kuliko yenye afya. Tabu yake kubwa ni kuitoa hewa, kwa kuwa hayajirudi inavyotakiwa. Yanavutika sana, na unyumbufu wake ni mdogo: ndiyo maana ya jibu la yule binti, ila yeye alilieleza kwa upande wa chuma.

Lastiki ya sketi ilisahaulika mezani na sasa iko katika droo yangu. Mwenyewe aje kuichukua, na aje na kipande cha waya wa chuma.