Barua kwa mwanangu anayetaka kuwa trafiki

Mwanangu,

Umeniuliza trafiki wa barabara kuu hufanya nini mpaka atunukiwe kwa ushujaa, na kama kazi hiyo inakufaa. Wengi huwaza kukimbizana na majambazi. Mimi nakupa lori la mafuta lililopinduka, maana hapo askari mmoja anaweza kuokoa kijiji kizima huku akitukanwa.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hutambaa chini, ukajaa mtaroni, palepale watu wanapoinama na vidumu kuchota mafuta. Cheche ndogo inatosha. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa hivyo. Sachang'wan kule Kenya mwaka 2009 ilikuwa vilevile, na Sange, Kongo, mwaka 2010 walikufa zaidi ya 200.

Kwa hiyo, ukifika, simama upande upepo unakotoka, juu ya mteremko. Ukiwa mbali, soma kibao cha rangi ya chungwa kwenye tangi: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Piga 114 uwatajie Zimamoto namba hiyo. Sogeza watu angalau mita 50 kila upande. Kama mafuta yamemwagika mengi, upande upepo unakoelekea wasogee mita 300. Moto ukishika tangi, ni mita 800 pande zote, wewe ukiwemo. Bodaboda zilizokwisha kuingia ziachwe hapohapo, zisipigwe kiki. Betri ya lori asiiguse mtu, kwani kung'oa nyaya zake hutoa cheche.

Umati ndio mtihani wenyewe. Rungu halitoshi kwa watu mia mbili, na risasi ya hewani ni moto unaouleta mwenyewe. Mtafute mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa kijiwe cha bodaboda, uwaambie kwa maneno machache kwamba hapa patawaka, kisha wao wawaite vijana wao kwa majina. Mtu husikia jina lake kabla hajasikia amri. Watakuambia unawazuia ili ule wewe. Simama hivyohivyo. Nikiulizwa ushujaa wa trafiki ni upi, nataja saa hiyo, moto haujawaka na hakuna anayekuamini.

Usisahau mgongo wako. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde, na lori lililoshehena halisimami haraka. Matawi na pembetatu vianze mita 200 nyuma, tena kabla ya kona. Vikiwekwa baada ya kona, dereva anaviona akiwa ameshafika, na wanaogongwa ni waokoaji.

Kuhusu cheo, utaanza konstebo, baada ya mafunzo ya Shule ya Polisi Moshi, na barabarani huenda usipangwe mapema. Koplo, sajenti na kuendelea huja polepole. Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema hudai miaka na mwenendo safi. Sifa ya ushujaa ni adimu, na hutegemea taarifa iliyoandikwa. Kwa hiyo jifunze kuchora ramani ya tukio: upana wa barabara, alama za breki, lori lilipolala, saa uliyofika, nani alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa. Mahakamani watakuuliza vipimo hivyo miaka miwili baadaye, na utajibu kutoka kwenye karatasi hiyo.

Mama yako