Mstari mwekundu shingoni: yaliyonifunza picha za Idi na watoto

Usiku wa Idi mosi, nikimwogesha kifungua mimba wangu, niliona mstari mwekundu shingoni mwake. Ulianzia chini ya sikio la kulia ukazunguka mpaka kwenye koo, mwembamba kama uzi. Nilipomuuliza, alinijibu, "Mama, ni kanzu. Ilikuwa yanichoma." Alikuwa na miaka minne. Kanzu ile niliipiga pasi mwenyewe, na wanga niliutia kwa wingi ili kaba isimame. Mchana kutwa mtoto alikuwa akilia na kuvuta kaba, na mchana kutwa watu wazima wanane tulikuwa tukimwambia atulie, asimame vizuri, atazame kamera.

Nilimpaka mafuta ya nazi nikamwomba radhi. Picha zenyewe zilipokuja hazikuwa na hata moja iliyofaa. Ile ambayo yeye ametulia, sisi wengine wote tumemgeukia, vinywa wazi, shangazi yake kamnyoshea kidole. Picha ya familia nzima ikimgombeza mtoto mmoja.

Tangu siku hiyo tumepiga picha nyingi za familia, na watoto sasa ni watatu. Ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa kukosea.

Nguo mpya ya mtoto ivaliwe nyumbani kabla ya siku yenyewe, saa nzima, akicheza. Ndani ya saa hiyo utajua kama kaba inachoma, kama kofia inabana, kama viatu vinamuumiza kisigino, na fundi bado yupo. Kanzu mpya ifue mara moja ilainike, na wanga usiutie kabisa kwa mtoto mdogo. Gauni la lesi litie kitambaa laini ndani. Kuhusu rangi, sioni haja ya ukoo mzima kuvaa sare. Mimi huchagua leso nitakayojifunga, kisha wengine wanachukua rangi zilizomo ndani yake, huyu kijani, yule manjano. Mtoto akikataa lile gauni dakika ya mwisho, huwa kuna jingine litakaloingia.

Sasa saa. Hapa ndipo wengi tunapojiharibia, kwa sababu tunapanga saa inayomfaa mpiga picha, au ami anayetoka Kisauni, au wageni wa Malindi, na mtoto tunambeba tu. Angalia saa anazolala mwanao na saa anazokula, kisha panga picha baada ya vyote viwili. Wa kwangu wakiamka usingizi wa mchana, wakala kidogo na kunywa maji, nina kama nusu saa ya furaha. Ikipita, imepita. Mwaka mmoja mpiga picha alichelewa saa nzima, na sisi tumeshafika, watoto wameshavalishwa. Alipofika mdogo alikuwa amelala begani kwa babake. Siku hizi nakubaliana naye mapema: tutatoka nyumbani ukinipigia simu kwamba umeshafika na kamera iko tayari.

Bahati nzuri saa ya watoto na saa ya mwangaza mzuri kwetu zinakaribiana. Mombasa tuko karibu na ikweta, na mwezi wa tatu na wa kumi jua la adhuhuri hutusimamia utosini kabisa. Ukipiga picha saa hizo macho yote yanaingia kivuli, kanzu nyeupe inawaka, na mtoto anakunja uso kwa sababu kweli anaumia macho. Ngoja baada ya laasiri, au uamke nao alfajiri.

Na ujue jua letu linachomoza baharini na kuzama bara. Ufuo wa Nyali au wa Pirates, ukitaka lile jua la dhahabu usoni, nenda asubuhi kabla ya saa moja na nusu. Jioni jua liko nyuma ya minazi na majumba, na mwangaza unakuwa mpole, wa kivuli, mzuri sana kwa watoto wasiopenda kukodoa macho.

Ila kuna maji! Idi ya Ramadhani huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na siku za bamvua maji yetu hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni. Yaani saa ile ile uliyompangia mpiga picha, mchanga haupo. Tulishawahi kujibanza kumi na wawili kwenye kipande cha mchanga kama mkeka, wimbi likatulowesha mpaka magotini, na wa kati akashikwa na hofu ya bahari iliyomkaa miezi. Maji yanasogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo muulize mvuvi yeyote au tazama jedwali la maji kwenye simu kabla ya kupanga. Siku ya Idi yenyewe mimi naacha ufuo.

Tunakwenda Mama Ngina, ile bustani iliyo kando ya bahari. Pana kivuli, pana nafasi ya kukimbia, na kikubwa zaidi, pana meli. Meli za makontena zinazoingia bandari ya Kilindini zinapita pale karibu mno, na sijamwona mtoto asiyesahau hasira zake meli ikitokea. Kuta za Ngome ya Yesu nazo ni nzuri, rangi yake inapendeza na kila nguo, ila nenda mapema kabla ya umati. Mji wa Kale milango yake ya nakshi inavutia, lakini ule ni mlango wa nyumba ya mtu: piga hodi, omba ruhusa, na usimpige picha tu mama wa watu aliyeketi barazani kwake.

Mkishafika, anzeni na picha ya wote, kabla ya kitu kingine chochote, maana subira ya watoto ndiyo inayokwisha kwanza. Za mume na mke na za akina shangazi zingoje. Na awepo mtu mmoja tu wa kumwita mtoto. Tulikuwa tukimwita watu sita kwa pamoja, kila mmoja upande wake, huku vidole vinaalizwa. Mtoto angemtazama nani? Kwetu sasa anaita khalati yao, amesimama nyuma ya mpiga picha, na sisi wengine tumeambiwa tutazame kamera tu hata dunia ipinduke. Hilo peke yake limetuokolea picha nyingi.

Maneno "cheka" na "sema chiiizi" nimeyaacha. Yanaleta meno, hayaleti mtoto. Mpe kazi. Mwambie amnong'oneze dadake atakachokula usiku. Mwambie anuse kichwa cha mtoto mchanga. Waambie wakimbie mpaka kwa babao, na mpiga picha achutame awe kimo chao. Asiyetaka kusimama, abebwe. Anayelia, mtoe pembeni umkumbatie, umuulize nini kinamuuma, na umwamini akikujibu.

Chukua maji, ndizi, biskuti zisizo na chokoleti, na nguo moja ya akiba. Mabuyu yafiche kabisa mpaka mwisho, kwa sababu rangi ile ikishafika mdomoni na kwenye kanzu, haitoki leo.

Mkipata picha tano nzuri, simameni. Najua mpiga picha mmelipa na wakwe wamekuja kutoka mbali. Simameni tu, watoto waende zao.

Idi iliyopita tulikuwa pale kama dakika ishirini. Mpiga picha alikuwa bado anatupanga, meli ikapiga honi. Kifungua mimba, ambaye sasa ana miaka tisa, akanyosha mkono, wa kati akapanda mguuni kwa babake aone vizuri, na mavyaa wangu, aliyempakata mdogo, akageuza kichwa huku amekishika kile kiguu kidogo ndani ya kiganja chake. Mpiga picha alibonyeza bila kusema neno. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama kamera. Mavyaa ameikataa ile nyingine tuliyojipanga sawasawa, ameagiza hii ichapishwe kubwa, na imetundikwa chumbani kwake mkabala na kitanda.

Baadaye tulinunua mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, mabuyu yakatoka mkobani, na wote watatu walirudi nyumbani kwa tuktuk ndimi zikiwa nyekundu.