Joto limejificha ndani ya mwongozo: kwa anayeanza kubadili jeni za kuvu wa baridi

Miezi minne ya mwanzo niliamini mikono yangu ndiyo mibovu. Protoplasti, yaani seli za kuvu zilizovuliwa ukuta ili DNA iweze kuingia, zilitoka nzuri, za duara, nikizihesabu kwenye hadubini najisifu kimoyomoyo. Nazipa DNA, nazichanganya na agari laini, ile jeli ya kuoteshea, nazimwaga kwenye sahani, nasubiri wiki tatu. Hakuna kitu. Siku moja mwenzangu wa benchi la pili akaniuliza: hiyo agari ina nyuzi ngapi unapoimwaga? Nikamwambia 48, kama mwongozo unavyosema. Akacheka. Kuvu wangu alikuwa haoti ukipita nyuzi 20, na mimi kila Ijumaa nilikuwa namchemsha.

Kama umekabidhiwa kuvu wa baridi kwa mara ya kwanza, jua kwamba karibu kila mwongozo utakaoukuta uliandikwa kwa viumbe waliozoea joto: Aspergillus, Neurospora, hamira ya mkate. Joto lenyewe halitajwi kila mahali. Liko kwenye agari iliyoyeyushwa, kwenye sentrifuji iliyozunguka tangu asubuhi, kwenye bafa iliyokaa mezani. Kabla hujashika pipeti, pitia mwongozo na kalamu nyekundu, na kila penye kitu kinachogusa seli andika kina nyuzi ngapi.

Lakini huwezi kujua joto gani ni baya kama humjui kuvu wako. Mwaka 1975 mtaalamu wa vijidudu Richard Morita alipendekeza mpaka ambao bado tunauazima, ingawa aliandika kuhusu bakteria: mpenda baridi wa kweli hustawi kwenye nyuzi 15 za Selsiasi au chini yake, na hakui akipita 20, mvumilia baridi hukua karibu na sifuri lakini hustawi kwenye joto zaidi. Pseudogymnoascus destructans, anayeua popo kwa ugonjwa wa pua nyeupe, yumo kundi la kwanza: hustawi kati ya nyuzi 12 na 16 hivi. Wengi wanaoitwa "wa baridi" kwenye friji za maabara ni wavumilivu tu, na kazi yao ni rahisi zaidi. Usikubali lebo. Mpande kwenye nyuzi 4, 10, 15, 20 na 25, upime.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: pima anavumilia muda gani bila kufa, mbali na kule anakokua. Weka spora kwenye nyuzi 28 kwa dakika 10, 30, 60, halafu uzirudishe kwenye baridi uhesabu zilizoota. Kuvu anaweza asikue kabisa kwenye nyuzi 28 na bado akatoka salama baada ya nusu saa. Hiyo nusu saa ni mtaji. Utaitumia wapi, hilo ndilo swali la kazi nzima.

Mimi naitumia kwenye vimeng'enya vya kumung'unya ukuta wa seli, kwa sababu vingi hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 30. Au siitumii kabisa: naongeza kimeng'enya na kuacha hifa changa (matawi membamba ya kuvu) usiku kucha kwenye nyuzi 15. Hifa zilizozeeka zina ukuta mgumu, zitakupotezea wiki. Mshtuko wa nyuzi 42, ambao baadhi ya miongozo ya hamira inaupenda, ufute. Agari ya juu nayo badilisha kwa agarosi inayoyeyuka kwa joto dogo. Hiyo hubaki majimaji hata ikipoa karibu na nyuzi 30.

Ukishachoka na protoplasti, jaribu Agrobacterium tumefaciens. Ningeanza naye. Tangu 1998 inajulikana kwamba bakteria huyu wa mimea anaweza kupenyeza DNA yake kwenye kuvu wa hifa, na kwa bahati yetu mtambo wake wa kupitisha DNA hufanya kazi vizuri zaidi karibu na nyuzi 19 au 20 kuliko kwenye 28 anakokuzwa. Mwenye baridi na mwenye joto wanakutana katikati. Mpe asetosiringoni, kemikali inayouamsha mtambo huo, kwa kawaida mikromola 200, na kila mara weka sahani nyingine isiyo nayo. Koloni zikiota kwenye sahani hiyo pia, dawa yako, ile inayopaswa kuzuia kuvu asiyepokea jeni ya ukinzani, haichuji.

Mtego uko baadaye. Sefotaksimu, antibiotiki tunayotumia kumuua Agrobacterium baada ya kazi yake, huua seli zinazogawanyika, na kwenye baridi bakteria hagawanyiki haraka. Anabaki amejibanza kwenye hifa. Unafanya PCR, kipimo cha kunakili na kutafuta kipande cha DNA, jeni ya ukinzani inaonekana, unaita watu, kumbe umepima plasmidi, ile pete ya DNA yenye jeni hiyo, iliyo ndani ya bakteria. Mimi niliita watu. Siku hizi kwenye kila PCR natafuta pia kipande cha plasmidi kilicho nje ya mipaka ya T-DNA (sehemu inayopaswa kuhamia kwenye kuvu); kikionekana, namhamisha kuvu tena kwenye sahani yenye dawa, mara tatu au nne, halafu naotesha kutoka spora moja. Spora moja inasaidia pia kwa sababu hifa ina viini vingi, na huenda vichache tu ndivyo vilivyopokea jeni.

Higromisini, dawa yenyewe ya kuchujia, nayo ina vituko. Jaribu kiwango chake kwenye joto lilelile na kwa wiki zilezile utakazosubiri. Kipimo kinachozuia kuvu kwa siku tano kinaweza kushindwa siku ya ishirini, na koloni za uongo zikajaa. Chumvi nyingi hupunguza makali yake, kwa hiyo protoplasti zangu zinaogelea kwenye sorbitoli, ambayo si chumvi, badala ya kloridi ya potasiamu.

Kuhusu CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali unapochagua: Cas9, kimeng'enya cha kukata tunachokitumia sana, inatoka kwa Streptococcus pyogenes, kijidudu cha koo la binadamu, kilichozoea nyuzi 37. Kwenye baridi hukata polepole. Cas12a, kimeng'enya kingine cha aina hiyo, huathirika zaidi. Kama una mtaji wa nusu saa uliobaki, hapa ni mahali pazuri pa kuutumia.

Usidanganyike kwamba kuvu huyu ni salama kwa kuwa hakui mezani. Friji ya maabara ndiyo nyumbani kwake, na spora zake zitakusubiri humo. Funga sahani, futa rafu, na taka zote zipite kwenye otoklevu ya nyuzi 121.

Kabla ya yote hayo, weka akiba ya kuvu wa asili kwenye gliseroli, nyuzi 80 chini ya sifuri, vichupa vingi, kwa sababu ukimhamisha sahani hadi sahani mwaka mzima anaweza kuacha kutoa spora. Na siku ya kukitoa kichupa, kiyeyushe kwenye barafu. Lile beseni la maji ya nyuzi 37 liko karibu na friza, na mkono hulielekea wenyewe.