Jodari wa mkondo wa Pemba: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Ikiwa jodari tunamvua hapa mkondoni, kwa nini mambo yake yaamuliwe Shelisheli? (Mvuvi, Sahare)

Kwa sababu jodari hatulii mahali pamoja. Kati ya 2005 na 2007 watafiti waliwatia alama na kuwaachia jodari na sehewa (jamaa mdogo wa jodari) zaidi ya 160,000 katika Bahari ya Hindi, wengi wao nje ya pwani yetu ya Tanzania. Kila samaki alichomekwa utepe mwembamba wa plastiki mgongoni, karibu na pezi, na wengi wa waliovuliwa tena walionekana meli ziliposhusha shehena bandarini Victoria, Shelisheli. Samaki anayepita maji ya nchi kadhaa, kisha bahari kuu isiyomilikiwa na yeyote, hawezi kulindwa na nchi moja. Ndiyo maana Kifungu cha 64 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinazitaka nchi zishirikiane, na ndiyo maana ipo Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria, ambayo Tanzania ni mwanachama wake tangu 2007.

Uamuzi wa Kamisheni unamfunga kila mwanachama? (Mwanafunzi, Tanga mjini)

La. Nchi ikipinga rasmi ndani ya siku 120 haifungwi, na kwa maoni yangu huu ndio udhaifu mkubwa wa mfumo wote. Tathmini ya 2015 ilionyesha kuwa jodari wa mapezi ya njano wamevuliwa kupita kiasi, ukapitishwa mpango wa kupunguza mavuno, lakini masharti yalipokazwa nchi kadhaa ziliweka pingamizi.

Mimi nina mashua na jarife tu. Karatasi za takwimu za BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, zinanihusu nini? (Mzee wa Kipumbwi)

Shikamoo mzee wangu. Zinakuhusu sana. Katika bahari hii sehemu kubwa ya jodari na jamaa zake huvuliwa na wavuvi wadogo, na hata nguru unayemshusha mwaloni ni miongoni mwa aina 16 zinazosimamiwa na Kamisheni. Katika mijadala ya kugawana mavuno, nchi hutetewa na takwimu ilizopeleka. Sehewa na jodari wadogo wakipimwa pamoja na kuandikwa "mchanganyiko", jasho lako halionekani popote, na siku ya kudai fungu la taifa hatutakuwa na cha kuonyesha. Naomba umsisitizie mwandishi wa takwimu aandike aina kwa aina, na apime urefu kuanzia ncha ya mdomo hadi panda ya mkia, kwa kuwa urefu ndio unaowaonyesha wataalamu kama samaki wanavuliwa kabla hawajazaa.

Nani anazidhibiti meli kubwa? (Mchuuzi, soko la Deep Sea)

Kuanzia maili 12 hadi 200 za baharini, leseni hutolewa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye ofisi Fumba, Zanzibar. Wengi mnakumbuka Machi 2009, meli ya uvuvi ya kigeni Tawariq 1 ilipokamatwa katika maji yetu na shehena ya jodari. Wavuvi wakiiona meli kubwa mkondoni, waandike jina lililo ubavuni, saa na mahali, kisha wamfikishie taarifa ofisa uvuvi wa wilaya siku hiyohiyo.